Toka Bunia Hata Kinshasa kwa Ajili ya Viza ya Mtoto wa Kambo

Mji wa Bunia umekaa juu ya nyanda za Ituri, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ya asubuhi ni baridi kiasi cha kumvalisha mwalimu koti. Ukitoka mjini kuelekea mashariki, barabara yashuka mtelemko mrefu hata Kasenyi na Tchomia kwenye Ziwa Albert, na ng'ambo ya ziwa ndiyo Uganda. Ukielekea kaskazini wafika Djugu na Mahagi. Ukienda kusini-magharibi wafika Komanda, na huko msitu waanza. Tangu mwaka 2015 Bunia ni makao makuu ya jimbo la Ituri, na mji wenyewe una komini tatu: Mbunya, Nyakasanza na Shari. Wahema, Walendu, Waalur, Wabira, Wanande na wengine wengi wakaa humo. Sokoni wote huelewana kwa Kiswahili, ingawa ndugu zetu wa pwani wakikisikia Kiswahili chetu hutabasamu.

Lile ziwa tulilolitaja limekuwa njia ya machozi. Katika vita ya 2002 na 2003 watu wengi walivuka kwa mitumbwi, wakapokewa katika kambi ya Kyangwali. Mapema mwaka 2018, machafuko ya Djugu yalipowaka, makumi ya maelfu walivuka tena. Wengine wa wale wa kwanza walikaa kambini miaka kumi na zaidi, kisha wakapelekwa Marekani, Kanada au Australia. Ndiyo maana leo, katika nyumba nyingi za Bunia, ukiketi jioni utasikia neno viza likitajwa kama linavyotajwa neno mvua.

Wapenzi wasomaji, safari tunayotaka kuwasimulia ilianza katika nyumba moja ya namna hiyo. Majina ya wenyewe hatutayataja, maana hawapendi kutangazwa. Lakini wameturuhusu kuyaeleza mambo yenyewe ili yawafae wengine.

Mama mmoja wa parokia yetu, mjane, alikuwa na binti aliyezaliwa Machi 2008 katika tarafa ya Djugu. Baba wa binti aliuawa mwaka 2018. Mama akakimbilia Bunia na mtoto wake, akaishi kwa kuuza mihogo na mafuta ya mawese. Januari 2021 aliolewa na mwanamume wa Ituri aliyevuka ziwa mwaka 2003, akakaa Kyangwali, akaenda Marekani mwaka 2013, na huko akapata uraia. Walifunga ndoa kanisani na katika ofisi ya komini, mambo yote kwa utaratibu. Bwana akarudi kazini kwake, akaahidi kuwaita wote wawili. Ahadi aliishika. Lakini kati ya ahadi na ndege kuna karatasi, na karatasi ndizo zilizotuleta sisi, maana mama hakusoma zaidi ya darasa la pili.

Siku ya kwanza alikuja na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na hati ya kuzaliwa ya binti, mpya kabisa, yenye mihuri miwili. Tukaisoma, tukainua macho. Mahali pa jina la baba paliandikwa jina la mume mpya.

"Mama, hati hii umeipata wapi?"

"Kuna bwana mmoja amenisaidia, Mwalimu. Nimempa dola hamsini. Amesema Wamarekani hawachukui mtoto wa mtu mwingine."

"Na baba yake aliyefariki?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, marehemu hatakasirika. Na huyu wa sasa ndiye anayemlipia shule. Mtoto amwita baba."

Hatukumlaumu. Maneno yake yalitoka katika upendo, tena yalitoka katika aibu, kwani kwetu jina la mtoto wa kambo halisemwi kwa furaha. Mtoto wa kambo huonekana kama mgeni mezani. Tulimwambia tu aiache ile hati kwetu, asiipeleke popote, nasi tutauliza.

Tulipouliza, tuliona kwamba yule bwana wa dola hamsini alikuwa amemdanganya. Sheria ya Marekani humtambua mtoto wa kambo waziwazi. Yatosha ndoa ya mzazi wake na baba wa kambo iwe imefungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Na ombi la raia kwa mtoto wa namna hiyo lapokelewa maadamu mtoto hajatimiza miaka 21 wala hajaoa au kuolewa. Binti huyu alikuwa na miaka 12 siku ya ndoa. Mlango ulikuwa wazi, naye yule bwana alitaka kumpitisha dirishani!

Tena tazameni jinsi uongo ule ungalivunjika wenyewe. Mume alikuwa Kyangwali tangu mwaka 2003, na katika kambi kila mkimbizi huandikisha jamaa zake, mke na watoto, walio hai na waliopotea. Jalada lile humfuata hata Marekani. Yeye aliandika kwamba hana mtoto. Sasa angaliletaje binti wa kuzaa, aliyezaliwa Djugu mwaka 2008? Afisa akiona hivyo aweza kutaka kipimo cha DNA, na damu haijui kusema uongo. Sheria yao ni kali hapo: aliyedanganya kwa kusudi ili apate viza aweza kufungiwa nchi ile maisha yake yote, na msamaha ni mgumu kupatikana. Mama na binti wangalipotea kwa ajili ya uongo ambao hakuna aliyewaomba.

Jambo jingine ambalo familia nyingi hulikosea ni hili. Mume akiwa raia wa Marekani, ombi la mke halimbebi mtoto. Yampasa aandike maombi mawili, moja la mke na moja la mtoto wa kambo, kila moja na ada yake. Mume akiwa na hati ya ukaaji tu bila uraia, hapo mtoto aweza kufuata katika ombi la mama yake. Wako waliongoja miaka miwili, ndipo wakagundua kwamba mama ameitwa na mtoto hayumo popote. Bwana wetu huyu alikuwa amekwisha jaza ombi moja. Tukamwandikia upesi, akajaza la pili. Wakati ule, mwaka 2021, kila ombi lilikuwa dola 535. Tangu 1 Aprili 2024 bei imepanda.

Yalibaki mambo mawili magumu: hati ya kweli ya kuzaliwa, na hati ya kifo cha mume wa kwanza. Maana mjane aliyeolewa tena hana budi kuonyesha kwamba ndoa ya kwanza imekwisha kwa kifo. Na huko Djugu mwaka 2018 ni nani aliyekuwa na nafasi ya kwenda kwa karani kuandikisha maiti? Watu walizika usiku wakakimbia, na wengine hata kuzika hawakupata.

Sheria ya jamaa ya Kongo, ya 1 Agosti 1987, iliagiza kuzaliwa kwa mtoto kuandikishwe katika siku 30. Marekebisho ya 15 Julai 2016 yaliongeza muda hata siku 90. Siku hizo zikipita, karani hawezi tena kuandika kwa neno la mzazi peke yake. Yapasa kwenda mahakamani, mashahidi waseme, hakimu atoe hukumu ambayo watu wa mjini huiita kwa Kifaransa jugement supplétif. Hukumu ikishatoka, hungojewa muda wa rufaa, hutolewa hati ya kwamba hakuna aliyekata rufaa, ndipo karani wa komini anaponakili yote katika daftari na kutoa hati ya kuzaliwa. Wazazi wanaotusoma na wenye watoto wachanga, hesabuni siku zenu 90 vema. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikosa mtihani wa nafasi ya kazi kwa sababu ya siku hizo.

Lakini mashahidi walikuwa wapi? Shahidi wa kwanza wa kuzaliwa na wa kufa alikuwa ndugu wa marehemu, baba mdogo wa binti. Yeye na mama walikuwa hawasemezani tangu ile ndoa ya pili.

Tulimwendea katika kambi ya Kigonze, hapa hapa Bunia, wanapokaa waliokimbia vijiji vyao. Ni mahali pa mistari ya vibanda vya turubai, vidogo hata mtu mzima aingia ameinama. Tulimkuta akishona ndala. Alitupa kigoda, yeye akaketi juu ya dumu. Tulipomaliza kueleza, hakutazama upande wetu.

"Mwalimu, nyie watu wa karatasi mnataka nimwuze mtoto wa kaka yangu."

"La, Baba. Twataka ushuhudie kwamba ni mtoto wa kaka yako."

Akaacha sindano. "Mtamwandika nani?"

Hapo tukafahamu. Alikuwa amekwisha sikia habari za ile hati ya mihuri miwili. Katika kambi habari hazifichiki. Hakukasirikia ndoa, wala hakukasirikia Marekani. Alikasirika kwa kuwa kaka yake, asiye na kaburi, alikuwa anauawa mara ya pili, na safari hii kwa kalamu. Tulipomwambia kwamba jina la kaka yake litaandikwa, na kwamba bila jina hilo hakuna safari, aliuliza tena mara tatu kama ndivyo. Kisha akaita mkewe alete chai.

Shahidi mwingine alikuwa kitabu. Binti alibatizwa mwaka 2008 katika parokia moja ya Djugu, na padre alipokimbia na watu wake alivichukua vitabu vya Ubatizo na Ndoa kabla ya kuchukua nguo zake. Tulikwenda kumwona huko alikohamia. Akafunua ukurasa, na tazama: jina la mtoto, siku ya kuzaliwa, jina la baba, jina la mama, jina la mama wa ubatizo, yote kwa wino wa buluu uliofifia. Akatuandikia cheti, akapiga muhuri. Ni kweli kwamba cheti cha ubatizo hakishiki mahali pa hati ya serikali. Lakini mbele ya hakimu, na hata mbele ya afisa wa viza, maandishi yaliyoandikwa zamani, kabla mtu hajafikiri habari za safari, yana nguvu kuliko maneno mengi ya leo. Tulipotoka humo tuliwakumbuka wale mapadre wa kwanza wa Vikariati ya Ziwa Albert, ambayo mwaka 1959 iligeuzwa kuwa Jimbo la Bunia. Waliwafundisha makatekista kuandika kila mtoto kwa jina la baba na mama, hata wengine wakaona ni kazi ya bure.

Mahakamani tulirudi mara tano. Jimbo letu limekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu 6 Mei 2021, na ofisi nyingi zina askari langoni. Mtu hungoja, huambiwa aje kesho, huja. Baba mdogo alikuja kila mara kwa miguu toka Kigonze, amevaa shati moja jeupe. Aliposimama mbele ya hakimu alitaja siku ya kuzaliwa, akataja siku ya kufa, na mama akalia kimya. Tangu siku ile wakasemezana.

Ile hati ya uongo tuliichoma jikoni kwa mama, naye akapeleka kwa padre hali ya moyo wake. Dola hamsini hazikurudi.

Maombi yalikubaliwa mwaka 2023. Hapo huja sehemu ya pili: ada ya viza, iliyokuwa dola 325 kwa kila mtu, fomu za kujaza kwa kompyuta, na hati ya mume ya kuahidi kwa sheria kwamba atawatunza. Yampasa aonyeshe mapato yasiyopungua asilimia 125 ya kipimo cha umaskini cha serikali yao, kwa hesabu ya watu wote wa nyumbani mwake. Ahadi hiyo haifutwi hata kwa talaka. Sheria ya kidunia nayo kumbe yajua kufunga! Halafu, Machi 2024, binti akatimiza miaka 16, na kwa kuwa alitimiza, akatakiwa cheti cha polisi kama mtu mzima. Wasomaji waangalie jambo hilo: mtoto hukua wakati jalada limelala.

Mwaliko ukaja, wa mwezi wa saba 2024, katika Ubalozi wa Marekani mjini Kinshasa. Toka Bunia hata Kinshasa ni karibu kilomita 1,800 kwa njia ya ndege, na barabara ya kuaminika hakuna. Mama hakujua Lingala wala hajapanda ndege. Akatuomba tuwasindikize, na likizo ikaturuhusu. Tukapanda ndege katika uwanja wa Murongo. Chini yetu vilima vya kijani vilikwisha, msitu ukaanza, na msitu haukwisha mpaka mtu achoke kuutazama. Tukatua Kisangani, tukaruka tena, tukafika N'djili jioni. Binti alitazama saa yake, akashangaa. Kinshasa iko nyuma ya Bunia kwa saa nzima. Tukamwambia aigeuze mara moja, maana wako waliofika mbele ya afisa kwa saa ya kwao.

Kwanza walikwenda kwa daktari aliyechaguliwa na Ubalozi, maana cheti cha daktari mwingine hakikubaliwi. Wakapimwa, wakapigwa picha ya kifua kwa ajili ya kifua kikuu, wakachanjwa chanjo walizokosa. Siku zilizobaki tulikaa kwa jamaa mmoja, na kila jioni jamaa wote walimfundisha binti majibu. Mmoja alimwambia, "Ukiulizwa baba, mtaje wa Marekani tu, usiwachanganye." Mwingine alimkaririsha rangi ya gari la baba wa kambo. Maskini mtoto, hakulala. Usiku wa mwisho tulimwita pembeni, tukamwambia: jibu unaloulizwa, unalolijua liseme, usilolijua sema hulijui. Basi.

Asubuhi tulifika Barabara ya Aviateurs, huko Gombe, kabla ya jua kupanda. Mama alichukua bahasha ya plastiki yenye hati zote za asili pamoja na nakala, maana nakala peke yake hazitoshi. Wakaingia wawili, sisi tukabaki nje ng'ambo ya barabara pamoja na wasindikizaji wengine, kila mmoja na rozari yake au simu yake.

Walitoka baada ya saa nne. Mama ndiye aliyetusimulia. Afisa alimwuliza yeye kwanza habari za ndoa, walikutana wapi, nani alikuwapo. Kisha akamgeukia binti kwa Kifaransa: "Baba yako anaitwa nani?"

Binti akanyamaza. Mama asema moyo wake ulisimama. Ndipo mtoto akataja jina la marehemu, akaongeza, "Alikufa mwaka 2018. Na baba yangu wa kambo ndiye anayenilipia shule, naye hunipigia simu kila Jumapili baada ya Misa."

Afisa akaandika. Akauliza anamwitaje huyo wa pili. "Namwita baba pia."

Hakuwapa viza siku ile. Aliwapa karatasi ya kutaka kipimo cha DNA kati ya mama na mtoto, kwa kuwa hati ya kuzaliwa ilitolewa miaka mingi baada ya mtoto kuzaliwa. Mama alidhani wamekataliwa, akakaa chini pale barabarani. Tukamweleza: kipimo hicho chauliza neno moja tu, kama yeye ndiye mama mzazi, na hilo hakuna wa kulipinga. Kwa marehemu hawakuuliza damu, na kwa mume hawakuuliza, maana yeye alijiandika wazi kuwa baba wa kambo. Gharama ilimwangukia mume. Mate yalichukuliwa kwa pamba mbele ya watu wa Ubalozi, na majibu hutumwa toka maabara moja kwa moja kwao, hayapiti mkononi mwa mwombaji.

Twapenda kuwaambia wanaotaka kuanza sasa: ulizeni kwanza matangazo ya Ubalozi wenyewe kabla ya kutoa fedha. Milango hii hufungwa na kufunguliwa kwa amri. Juni 2025, kwa mfano, jirani zetu wa Burundi walifungiwa viza nyingi kwa tangazo la Rais wa Marekani. Na mtoto wa kambo akifika huko hawi raia kwa sababu ya baba wa kambo peke yake. Hupata hati ya ukaaji wa kudumu, na uraia atauomba mwenyewe wakati wake utakapofika, isipokuwa amefanywa mtoto wa kupanga kwa sheria.

Majibu ya kipimo yalikuja baada ya miezi miwili na zaidi. Viza zikatoka. Mwezi wa kumi na moja mama na binti waliondoka Bunia, na watu wa jumuiya wakaja Murongo kuwaaga. Baba mdogo alikuja toka Kigonze na lile shati jeupe. Binti alimpa nakala ya hati yake ya kuzaliwa, ili abaki nayo.

Ndege ilipokwisha ruka, alitusogelea akaifunua ile karatasi. Yeye hakusoma. Akatuomba tumwonyeshe kwa kidole ni mstari upi wenye jina la kaka yake. Tukamwonyesha.